Mizani ya Mazishi Yasiyo na Ngoma

Maswali ya mtihani wa ushairi yana mtindo wake. Kwanza tunaambiwa tueleze umbo la shairi: idadi ya beti, mishororo, vipande, mizani na vina. Kisha, mwishoni kabisa na kwa alama chache, tunaulizwa shairi lina hisia gani. Sehemu ya kwanza tunaijibu kwa vidole, tukigonga meza silabi baada ya silabi. Sehemu ya pili tunaijibu kwa neno moja. Shairi likiwa na kaburi ndani yake, neno hilo ni "huzuni", na hapo tunageuza ukurasa.

Katika insha hii ninakusudia kuonyesha kwamba hayo si maswali mawili bali ni swali moja. Mfano wangu ni shairi la Kiingereza, "The Burial of Sir John Moore after Corunna", lililotungwa na Charles Wolfe, mtu wa Ireland. Nimelichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya darasani: hapa Kampala ninasoma Kiswahili pamoja na Fasihi ya Kiingereza, na nimegundua kwamba mtu huielewa mizani ya kwao vizuri zaidi anapokutana na shairi lisiloijua. Sababu ya pili ni ya nyumbani kwetu, na nitaieleza baada ya kulichambua shairi lenyewe, kwa kuwa bila uchambuzi huo haitaeleweka.

Tuanze na tukio. Januari 1809 jeshi la Uingereza lilikuwa limerudi nyuma katikati ya baridi kali, likivuka milima ya kaskazini mwa Hispania huku likifuatwa na Wafaransa, hadi likafika bandari ya Corunna ambako lilitarajia kupanda meli. Tarehe 16 yalitokea mapigano nje ya mji. Jenerali Sir John Moore, kamanda wa jeshi hilo, alipigwa na risasi ya mzinga na kufa siku hiyohiyo. Wenzake walimzika penye ngome ya mji, kisha wakaondoka kwa meli. Wolfe hakuwapo. Alikuwa kijana wa miaka 17 tu, na alilitunga shairi lake miaka kadhaa baadaye baada ya kusoma habari za kifo hicho. Lilichapishwa mwaka 1817 katika gazeti la mji wa Newry. Mtunzi mwenyewe alifariki mwaka 1823 kwa kifua kikuu, akiwa na miaka 31, na hadi leo watu wengi wanamjua kwa shairi hilo moja.

Shairi lina beti 8, kila ubeti mishororo 4. Kwa hesabu hiyo tungeliita tarbia. Lakini ukianza kuhesabu mizani kama tulivyofundishwa, utapata shida mara moja. Ubeti wa pili, kwa mfano, nimeuhesabu hivi: 10, 9, 9, 8. Ubeti mwingine una mshororo wa silabi 12 unaofuatwa na wa silabi 9. Kwa sheria za Kaluta Amri Abedi, ambaye kitabu chake cha 1954 ndicho wengi wetu tunachoanzia, hilo lingekuwa guni, shairi lililopoteza urari.

Hata hivyo ukilisoma kwa sauti halichechemei hata kidogo, kwa sababu Kiingereza hakihesabu silabi zote kwa uzito mmoja. Katika lugha hiyo silabi yenye mkazo ni nzito na nyingine ni nyepesi, na mshairi anahesabu zile nzito. Wolfe ameweka mikazo 4 katika mshororo wa kwanza na wa tatu, na mikazo 3 katika wa pili na wa nne. Kati ya mkazo na mkazo anaruhusu silabi nyepesi moja au mbili, na mara nyingi ni mbili. Mwendo unaotokea ni wa silabi mbili nyepesi zikifuatwa na moja nzito: ta-ta-DUM, ta-ta-DUM.

Gonga mwendo huo mezani kwa kidole na utausikia: ni ngoma.

Hapa ndipo umbo linapoanza kusema jambo ambalo maneno hayalisemi. Shairi linaanza kwa kukanusha. Linatuambia kwamba ngoma haikusikika, wala wimbo wa mazishi, wala askari hakupiga risasi ya kumuaga. Baadaye linaongeza kwamba hapakuwa na jeneza wala sanda, na mwishoni kwamba hapakuandikwa neno wala kusimamishwa jiwe. Ni orodha ya vitu vilivyokosekana, kama mtu anayesimama mlangoni mwa nyumba ya msiba akihesabu wasiokuja. Lakini wakati ulimi unasema hapakuwa na ngoma, mizani inaipiga. Mshairi amechukua kitu ambacho jeshi lilishindwa kumpa kamanda wake akakiweka ndani ya mwendo wa shairi.

Mtu anaweza kunipinga hapa, na mwenzangu mmoja darasani alinipinga. Alisema mizani haina hisia: utenzi wa mizani 8 unasimulia vita, unamfundisha mwana wa kike adabu na unamsifu Mtume, yote kwa hesabu ileile. Ni kweli. Tena hata mwendo huu wa Wolfe washairi wa Kiingereza wameutumia kwa mambo ya mbio za farasi na kwa mashairi ya kuchekesha. Kwa hiyo sidai kwamba mwendo huo ni wa huzuni. Ninadai kinyume chake: ni mwendo wa haraka, na kuutumia katika mazishi ndiko kunakotuumiza. Wazikaji hawa wanaharakisha. Adui yuko karibu, meli zinasubiri, usiku unakwisha. Mizani inawasukuma kutoka mkazo hadi mkazo wakati mioyo yao inataka kusimama. Hisia haimo ndani ya mizani peke yake wala ndani ya maneno peke yake. Inazaliwa pale viwili hivyo vinapovutana.

Ushahidi uko katika ubeti wa mwisho. Mshororo wake wa kwanza, tofauti na mingi iliyotangulia, unaanza moja kwa moja na silabi nzito, na unasema kwamba walimlaza polepole na kwa huzuni. Ni kama mtu aliyekuwa akitembea kwa kasi amefika ukingoni mwa kaburi na mguu umekataa kuendelea. Kati ya mishororo yote 32, hapo ndipo jina la hisia yao linapokutana na mwendo unaofanana nayo.

Sasa vina. Mpangilio ni wa kupokezana: mshororo wa kwanza na wa tatu vina kina kimoja, wa pili na wa nne kingine. Hakuna vina vya kati wala kina cha bahari, na kila ubeti unajifunga wenyewe kama chumba chenye mlango wake. Kuna tofauti nyingine ambayo sisi wa Kiswahili tunaweza kuiona upesi kuliko Waingereza. Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache, na kina chetu huwa ni ile silabi ya mwisho ambayo ni nyepesi. Mshororo wetu unamalizika kwa kushuka daima. Katika Kiingereza mshororo unaweza kukatika juu ya silabi nzito, kama mlango unaogongwa, au ukamalizika kwa silabi nyepesi kama ilivyo kwetu. Wolfe ametumia aina zote mbili kwa zamu: mishororo ya kwanza na ya tatu inakatika kwa kishindo, ya pili na ya nne inashuka. Kila anayesoma anapanda na kushuka, anapanda na kushuka, kama koleo.

Jambo la pili kuhusu vina ni maneno ambayo mshairi ameyachagua kuyafunga pamoja. Katika ubeti wa kwanza, neno lenye maana ya kuharakisha lina kina kimoja na neno lenye maana ya kuzika. Katika ubeti wa nne, huzuni ina kina kimoja na kesho. Katika wa tano, mto wa kulalia una kina kimoja na wimbi la bahari, yaani kichwa cha aliyebaki na safari ya walioondoka. Katika wa nane, damu ina kina kimoja na utukufu. Mtu asiyejua lolote kuhusu vita hivyo akiyasoma maneno haya ya mwisho peke yake atapata karibu habari yote.

Tena kuna vina ambavyo mwalimu mkali angevitia duara jekundu. Katika ubeti wa kwanza, mshororo wa kwanza na wa tatu vina vyake havilingani sawasawa, vinakaribiana tu. Beti zinazofuata zimelingana vizuri. Kisha katika ubeti wa mwisho kasoro ileile inarudi, mahali palepale, mshororo wa kwanza na wa tatu. Mazishi yanaanza na kina kilicholegea na yanakwisha na kina kilicholegea. Sidai kujua kama Wolfe alikusudia. Sikio langu linapokea hivyo: wakati wa kufika na wakati wa kuondoka ndipo mambo yanapokataa kulingana, na katikati, wakati kazi ya kuchimba inaendelea, kila kitu kina utaratibu.

Nikifika kwenye swali la mtihani, basi, neno "huzuni" halitoshi. Beti mbili za kwanza zina wasiwasi wa watu wanaojificha, wakichimba kwa singe zao kwa mwanga hafifu wa mbalamwezi na taa. Ubeti wa tatu una heshima: maiti amefungwa joho lake la kijeshi na anaonekana kama askari anayepumzika. Wa nne una kujizuia, kwa kuwa sala ni fupi na hakuna anayesema neno la majonzi. Wa tano na wa sita una uchungu na hofu kwamba adui atalikanyaga kaburi na kumsema vibaya marehemu asiyeweza kujibu. Wa saba una saa inayogonga wakati wa kuondoka na mizinga ya mbali. Huzuni yenyewe inaruhusiwa kusimama peke yake mwishoni tu. Na hata hapo imechanganyika na fahari, kwa sababu mshairi anasema wamemwacha peke yake, lakini na utukufu wake.

Historia iliongeza jambo ambalo shairi halilijui. Soult, jemadari wa Wafaransa aliyepigana na Moore, ndiye aliyeamuru kaburi lake liwekewe kumbukumbu. Adui aliyehofiwa kwamba angelikanyaga kaburi ndiye aliyeliheshimu.

Sasa nije kwenye sababu yangu ya pili.

Mimi ni mzaliwa wa Butembo, Kivu ya Kaskazini. Tarehe 1 Agosti 2018 mlipuko wa Ebola ulitangazwa katika mkoa wetu, na haukutangazwa kuwa umekwisha hadi tarehe 25 Juni 2020. Watu zaidi ya 2,200 walikufa. Mmoja wao alikuwa mama mdogo, aliyeuza maharage sokoni. Alifariki mapema mwaka 2019, mimi nikiwa shule ya sekondari. Wasomaji wanajua kwamba virusi vya ugonjwa huo hubaki katika mwili wa marehemu, na kwamba kuosha na kukumbatia maiti kuliwaambukiza watu wengi. Kwa hiyo mazishi yalifanywa na timu zilizofundishwa. Walikuja wakiwa na mavazi ya kujikinga, miwani na glavu, na mmoja wao alikuwa na pampu ya klorini mgongoni. Sisi tulisimama mbali. Kiongozi wao, aliyetuzungumzia kwa upole, alisema wanakwaya waimbe nyimbo mbili. Hapakuwa na kukesha, na nyanya hakumwosha binti yake. Sina lawama kwa timu ile. Bila kazi yao huenda mimi nisingekuwa naandika. Lakini mazishi yalikwisha kabla hatujaamini kwamba yameanza.

Niliposoma shairi la Wolfe mwaka wa kwanza chuoni, niliitambua ile orodha ya vitu vilivyokosekana. Halafu nikaona tofauti kubwa. Msemaji wa shairi lile ni nafsi ya kwanza wingi. Ni "sisi" tuliomzika, tuliomlaza, tuliomwacha. Wanaoomboleza ndio waliochimba, na mikono yao ina udongo. Kaburi la Moore ni pweke kwa sababu waliompenda wameondoka. Kaburi la mama mdogo lilikuwa pweke kwa namna nyingine: waliompenda walikuwepo, ila hawakufika, na waliofika hawakumjua. Katika Butembo ile "sisi" ya Wolfe ilikuwa imekatwa vipande viwili, upande mmoja mikono na upande mwingine machozi.

Tena mama mdogo hakuwa jenerali. Shairi la Wolfe linaweza kukataa jiwe kwa kuwa lina utukufu wa kuweka mahali pake. Mwanamke wa sokoni ukimwacha peke yake, umemwacha peke yake.

Mwaka huu familia imeamua kulijengea kaburi lake kwa saruji, na kutakuwa na sala. Nyanya aliniita kwa simu akasema, "Wewe unayesomea maneno, ulete maneno." Hapo mizani na vina viliacha kuwa mambo ya mtihani. Ilinibidi nichague umbo, na nilijua tayari kwamba umbo litasema jambo lake hata kama mimi sisemi.

Nilifikiria kwanza utenzi. Una sifa kubwa ya kina cha bahari, ile silabi inayofunga kila ubeti kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Katika Al-Inkishafi, shairi la Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir linalotazama magofu ya Pate na wakuu wake waliolala makaburini, kina hicho kinarudi ubeti baada ya ubeti, na msomaji anahisi kwamba kila anasa inayotajwa inaishia mahali pamoja. Ni umbo zuri kwa anayetaka kumwonya mtu kuhusu dunia. Mimi sikutaka kuwaonya watu wa Butembo kuhusu dunia. Wanaijua.

Nilihitaji umbo lenye nafasi ya sauti ya pili, kwa hiyo nikachagua tarbia yenye kibwagizo. Kibwagizo ni mshororo ambao mtunzi hausemi peke yake. Wasikilizaji wakishausikia mara moja, mara ya pili wanausema naye. Wale waliosimama mbali mwaka 2019 watasimama karibu na kaburi, na ubeti ukifika mwisho watakuwa na kitu cha kuitikia. Huu ndio ubeti wa kwanza:

Wageni wabebe mwili, sisi tusimame kule,
Machozi tuyahimili, pasisikike kelele,
Nyimbo zisizidi mbili, ziishie pale pale,
Tunaitika kwa mbali, mama mdogo ulale.

Mizani ni 8 kwa 8, kina cha kati ni "li" na cha mwisho ni "le". Vitenzi vya mishororo mitatu ya kwanza nimeviweka katika hali ya kuamrisha, kwa kuwa siku ile tulikuwa watu wa kuambiwa: simameni, nyamazeni, mbili tu. Ni katika kibwagizo tu ambapo "sisi" tunatenda jambo bila kuagizwa. Ubeti wa pili unaondoka makaburini na kwenda sokoni:

Sokoni meza i wazi, kitambaa chake kipo,
Kopo lake la majuzi, linangoja papo hapo,
Wauliza wanunuzi, kama mwenyewe hayupo,
Tunaitika kwa mbali, mama mdogo ulale.

Mwenzangu yule aliyenipinga aliniuliza kwa nini nijifunge kwa arudhi ya watu wa pwani wakati Kiswahili cha kwetu ni kingine, na mashairi huru yapo tangu enzi za Kezilahabi. Nilimjibu kwa kumwonyesha neno "mdogo". Wanafunzi wengi wa Kampala husumbuka wanapoambiwa kwamba hiyo "m" peke yake ni mizani moja. Sisi wa Kongo hatusumbuki, kwa kuwa nyumbani tunasema "mudogo". Nyanya akisema "mama mudogo ulale" atapata mizani 8, na mtu wa Lamu akisema "mama mdogo ulale" atapata mizani 8. Hesabu inatosha wote wawili. Sikuona kwa nini niikatae.

Kuhusu uhuru, ninayaheshimu mashairi huru na huyasoma. Lakini mazishi ya mama mdogo ndiyo yaliyokuwa huru kupita kiasi: hayakuwa na mwanzo unaojulikana, hayakuwa na zamu za kulia, hayakuwa na wakati wa kuitikia. Desturi za msiba ni aina ya arudhi. Zinamwambia mtu aliyechanganyikiwa lini aimbe, lini akae, lini atupe udongo. Siku ile arudhi hiyo iliondolewa kwa sababu ya haki kabisa, na tukabaki na huzuni isiyo na vipande. Ndiyo maana ninataka silabi 8, kisha pumziko, kisha silabi 8 nyingine.

Wolfe alimpa Moore ngoma iliyokosekana. Lakini alimalizia kwa kumwacha, na kwa mtu wake huo ulikuwa mwisho wa kweli, kwa kuwa meli zilikuwa zinaondoka. Hapo ndipo ninapoachana naye. Kibwagizo hakiwezi kumwacha mtu. Kila ubeti unaofika mwisho unawarudisha watu mahali pale, wakaite tena. Hisia ya beti zangu, kama mtahini ataniuliza, si huzuni tu. Ni deni linalolipwa kwa kuchelewa, na wanaolilipa ni wengi.

Ninawaomba wanafunzi wenzangu, mtakapoulizwa tena kuhusu mizani, vina na hisia za shairi lolote, msiyagawe majibu yenu katika vifungu vitatu. Mkishahesabu silabi, tazameni kwanza ni jambo gani mshairi anasema halikuwapo, kisha msikilize kama umbo halijalileta kwa mlango mwingine. Wahadhiri wetu nao nawaomba waiongezee alama ile sehemu ya mwisho ya swali.

Mimi bado nina ubeti wa tatu wa kutunga kabla ya siku ya sala. Nitaliweka jina lake ndani, lile la ubatizo na lile la kwetu, na yote mawili nimeshayahesabu. Kwa pamoja yana mizani 7, kwa hiyo katika kipande hicho imebaki nafasi ya silabi moja tu.